Jaketi la nusu bei lililoniponza Kibo

Nimeweka nyota mbili. Jana nilikuwa nimeweka moja, na kama kungekuwa na sifuri ningeiweka bila huruma. Leo nimepoa kidogo, ndiyo maana naandika, ila nikifika kwenye habari za yule kijana wa dukani msishangae hasira zikirudi.

Naongelea majaketi ya manyoya, yale yaliyovimba ya kuvaa usiku wa kwenda kileleni Kilimanjaro, ambayo maduka ya vifaa vya mlima Moshi na Arusha huyatangaza kwa "punguzo kubwa" msimu ukikaribia. Duka sitalitaja. Wenyewe wanajijua. Mambo ya uzito, rangi na idadi ya mifuko mtayakuta kwenye matangazo yao, wanayajua vizuri kuliko mimi. Hapa ni habari ya zipu moja na mdomo wa mtu mmoja.

Mimi ni mkazi wa Dar. Jaketi la manyoya Dar ni kichekesho, ukilianika kambani majirani wanauliza kama umepata viza. Lakini ofisini kwetu kuna kundi la kupanda mlima, na mwishoni mwa mwaka tukajiandikisha na wale wanaopanda kuelekea tarehe 9 Desemba. Maduka yanaujua huo msimu. Kuanzia Novemba simu inajaa Punguzo la Uhuru, Ofa ya Uhuru, Uhuru na Baridi. (Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kule juu mwaka 1961, sidhani kama alikuwa amevaa ofa.)

Kukodi kunawezekana, na wenzangu wengi walikodi palepale Moshi, wakalipa hela ya kueleweka. Mimi nikasema hapana. Sitaki kulala ndani ya jasho la mtu nisiyemjua. Nataka langu, jipya. Hilo neno "jipya" lishikeni, tutarudi.

Kwenye picha bei ilikuwa 380,000 imepigwa mstari mwekundu, chini yake 190,000. Nilipanda juu kwenye picha zao za zamani nikakuta jaketi hilohilo waliliweka kwa 220,000, bila mstari, bila kelele. Kwa hiyo nusu bei yao kwa hesabu ya kawaida ni elfu thelathini. Sikujali. Manyoya ya kweli kwa 190,000 bado ni bei ya kukimbilia, na manyoya nayajua.

Najua kwa sababu waongozaji wamenionyesha. Unaliminya ndani ya ngumi, unaachia, unaangalia. Manyoya mazuri yanajaa tena mpaka jaketi linarudi lilivyokuwa. Halafu unapapasa kila kifuko kwa vidole viwili ukitafuta vijiti. Vikiwa vingi, umewekewa manyoya ya mabawa, si yale laini ya kifuani mwa bata. Halafu unalinyanyua kwa kidole kimoja, na mkono ushangae jinsi lilivyo jepesi ukilinganisha na macho yalivyoliona. Lebo ya 90/10, yaani asilimia 90 manyoya laini na 10 yenye vijiti, mimi siiamini, maana lebo anaweza kuishona yeyote mwenye cherehani. Ngumi haidanganyi.

Nililifanyia yote hayo mbele ya kijana, na lilifaulu yote. Zipu nikaipandisha na kuishusha, ikaenda. Kitu kimoja tu niliuliza: lebo ya ndani ilikuwa imekatwa nusu.

"Hiyo huwa tunakata dada yangu, isikukune shingo."

Lebo ilikuwa ubavuni.

Risiti nikadai. Tumeimbiwa sana, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Akaniambia mashine haina mtandao, akaniandikia ya mkono, na chini yake akapiga muhuri wa buluu: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Muhuri wenyewe haukuhitaji mtandao.

Tulipita njia ya Marangu. Mandara, kambi ya kwanza, sina la kusema, huko bado ni msitu na sweta linatosha. Horombo, kambi ya pili, mita 3,720, jioni nilivaa jaketi langu kwenda kula, na nakiri lilikuwa raha. Dakika chache tu ndani yake mwili wote umetulia. Dada mmoja wa kundi letu, ambaye alikodi, akaliomba alijaribu akakataa kulivua. Nilimsifia yule kijana mbele ya watu. Nilitoa hadi namba ya simu ya duka!

Sasa njooni Kibo. Kibanda kiko kwenye mita kama 4,700, mnaamshwa usiku wa manane, mnakunywa chai bila hamu, mnaanza kupanda gizani kwa mstari. Upepo ulikuwepo. Juu kidogo ya Pango la Hans Meyer tukasimama kidogo. Chupa ya maji nilikuwa nimeiweka kifuani, ndani ya jaketi, maana nje inaganda. Nikashusha zipu kuitoa, nikanywa, nikairudisha, nikapandisha.

Kichwa cha zipu kilipanda vizuri mpaka kidevuni. Nyuma yake meno yakaachana. Kuanzia kitovuni hadi shingoni, wazi. Nikakishusha ili nianze upya, hakishuki. Nikavuta, kikachomoka upande mmoja, kikabaki kinaning'inia kwenye upande wa pili kinagonga gonga kwa upepo. Taa yangu ya kichwani ikawa inakimulika. Kidude kidogo, hakifikii hata ukucha wa kidole gumba.

Wasiopanda watauliza, zipu tu, si ungefumbata? Jamani, manyoya hayatengenezi joto. Yanachofanya ni kuishika hewa iliyopashwa na mwili wako isiondoke. Ikipata mlango inaondoka, na upepo unaleta nyingine ya barafu. Hata yangekuwa manyoya ya bata wa mfalme, jaketi lililo wazi kifuani usiku wa Kibo ni jiko la mkaa uwanjani. Na baridi ya kule usiku inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri.

Nikaanza kuvua glavu nishike kile kidude. Mwongozaji wetu akanishika mkono. "Dada, usivue. Hivyo vidole unavihitaji." Akavua za kwake. Akatoa kamba nyembamba ya hema, akanizungushia kifuani na kiunoni, akafunga, akanivalisha koti la mvua juu yake, akapuliza vidole vyake, akavaa glavu. Hakusema neno kuhusu jaketi. Mpagazi mmoja aliyekuwa anasindikiza kundi akanipa skafu yake. Huyo mpagazi, niwaambie, alikuwa amevaa jaketi la kuazimwa bure na KPAP, ule mradi wa kusaidia wapagazi ulioko hapohapo Moshi. Limechakaa viwikoni. Zipu yake nzima, imefungwa mpaka juu.

Nilifika Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, nikiwa natetemeka meno yanagongana, kamba imeteleza, upepo unaingia ubavuni. Mwongozaji akanimulika usoni, akaniuliza jina la mtoto wangu wa kwanza. Nililitaja, lakini nadhani nilichelewa. Akasema, "Wewe tunageuka." Kutoka hapo hadi kilele cha Uhuru kulibaki kutembea ukingoni tu, ile sehemu ngumu ya kupanda nilikuwa nimeshaimaliza. Cheti changu kimeandikwa Gilman's. Wenzangu vyao vimeandikwa Uhuru Peak, mita 5,895, na wameviweka kwenye fremu ofisini, kimoja kinatazamana na meza yangu.

Kuna mwenzetu mmoja, mjuaji, ananiambia kilichonirudisha ni mwinuko, si zipu. Inawezekana. Sibishi sana, kichwa kilikuwa kimeanza kuniuma tangu mchana. Lakini mwinuko sikuulipia 190,000.

Haya. Dukani.

Nilishuka mlima, nikaoga, nikalala, nikaenda na jaketi kwenye mfuko. Nilikwenda kwa amani kabisa. Nilichotaka ni zipu ibadilishwe, basi, wala sikuwa nimefikiria kurudishiwa hela. Kijana yupo kwenye stuli, anachezea simu. "Karibu dada, umekuja kuongeza lingine?" Nikaliweka mezani, nikamwonyesha. Hakuligusa. Alilitazama tu.

"Ulilivuta kwa nguvu."

"Nilikuwa na glavu mbili mbili. Nguvu gani?"

"Dada, mimi nilikuuzia manyoya. Manyoya yametoka?"

"Hayajatoka."

"Basi."

Basi! Wakaingia watalii wawili, akanyanyuka na tabasamu ambalo sikujua kama analo, na ili awapangie glavu mezani akalisukuma jaketi langu kwa kiwiko. Likadondoka upande wangu. Nikaliokota mwenyewe.

Nyuma kulikuwa na mama mwenye duka, rika la mama yangu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikajua nimefika kwa mtu mzima. Akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma, akaomba risiti. Nikampa. Akaweka kidole kwenye ule muhuri wa buluu. "Si unaona hapa mwanangu?" Akaniambia kwa kuwa mimi ni mteja wao, nikinunua jingine atanipunguzia asilimia kumi. Nikamwambia kuna sheria ya kumlinda mlaji tangu mwaka 2003, kuna Tume ya Ushindani, muhuri wa duka haufuti sheria ya nchi. Hapo kijana, akiwa ameshika glavu za watalii, bila hata kugeuka:

"Dada, umelipa nusu, unadai yote?"

Hilo ndilo lililonileta hapa. Zipu ningeshaisahau. Zipu hukatika, hata za bei kubwa. Lakini umelipa nusu, unadai yote? Mimi nililipa bei iliyoandikwa, hela taslimu, akaihesabu mara mbili. Nilitoka pale mwili unatetemeka kuliko Gilman's. Barabarani nikawa najibu kwa sauti majibu ambayo nilitakiwa kuyatoa dukani, watu wananitazama. Kwamba zipu ina pande mbili, basi mniambie mimi mliniuzia upande upi. Jibu zuri kama hilo limekuja nikiwa tayari nasubiri bodaboda.

Bodaboda akanipeleka Memorial, soko la mitumba la Moshi, kwa mafundi. Na hapa ndipo mambo yalipogeuka, na ndiyo sababu ya nyota ya pili.

Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alilipindua jaketi ndani nje kabla hata sijamaliza kueleza. Akaivuta zipu kwenye mwanga. "Hii si zipu yake." Akanionyesha. Jaketi ni la buluu iliyokolea, uzi wake wote ni wa buluu. Uzi wa zipu ni mweusi. Na pembeni ya ule mshono mweusi, ukilikunja kitambaa, kuna mstari wa vitundu vidogo vidogo vya sindano, vitupu, mahali zipu ya kwanza ilipokuwa imeshonwa. Akafuata ile lebo iliyokatwa ubavuni: mabaki yake ni maelezo ya kufulia, kwa Kijerumani. Akalegeza kola. Chini ya kitanzi cha kutundikia, herufi mbili za kalamu ya wino, zimefifia, za mtu aliyekuwa anaogopa jaketi lake lisichanganyike na la mwenzake.

Mtumba. Au la mtalii aliyemaliza mlima akamwachia mpagazi pamoja na bakshishi, na mpagazi ana ada za shule akaliuza. Fundi akasema ni mojawapo kati ya hayo mawili, mzunguko wa mjini ndio huo, na mengine hushuka na mabelo ya nguo za baridi ambazo Kariakoo hakuna anayezitaka. Yanafuliwa, yanapigwa pasi ya mvuke, yanavikwa mfuko wa nailoni, yanaitwa mapya. Mimi niliyekimbia kukodi ili nisivae jasho la mtu, nimelipa 190,000 kulinunua.

Nikaanza kuwaka upya. Fundi akaninyamazisha kwa mkono, akachukua sindano, akafumua mishono miwili ya ndani, akatoa kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole. Akaniambia nisipumue. Vilikuwa vijiduara vya kijivujivu, havina kijiti hata kimoja, vina nyuzi nyembamba zinazoshikana zenyewe. Alifungua vidole na havikuanguka. Vilibaki vimeganda kwenye ngozi, vikitikisika kwa upepo wa feni ya jirani.

"Haya ni ya kweli, mama. Wangekuuzia jipya, ungepata sponji."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Mapya ya bei hiyo anayoyafumua yeye mengi ni bandia, jina kubwa kifuani, ndani sponji au mabawa yaliyosagwa. Lingekuwa jipya kweli kama walivyoapa, Horombo nisingesifia mtu. Kwa hiyo wamenidanganya kuhusu umri wake, na ndani ya uongo huo wakaniuzia kitu bora kuliko walichokiahidi, bila wao kujua. Mtu anamshtaki vipi mtu wa namna hiyo?

Zipu mpya, nene, yenye kichwa cha chuma, na ufundi: 12,000. Nilisubiri nikiwa nimekaa kwenye benchi lake. Alinipa na pini nne za kutembea nazo mlimani, bure. Fundi huyu nyota tano, na kama kuna sehemu ya kuwapigia kura mafundi wa Memorial mniambie.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nanunua majaketi ya manyoya kwenye punguzo, jibu ni ndiyo, nenda, ila nenda ukijua unakwenda mtumbani hata kama sakafu ina vigae. Minya kwa ngumi kama nilivyosema. Kisha fanya na lile nisilofanya mimi: kunja kitambaa pembeni ya zipu, tafuta vitundu, linganisha rangi ya uzi. Ukikuta vitundu usikasirike, shusha bei. Kwa Dar usiliweke limebanwa mfukoni, litundike kabatini, unyevu wa huku unalilaza na kulinukisha. Kulifua ni sabuni laini kidogo, suuza sana, na liwe limekauka mpaka ndani, uligonge gonge na kulipasua pasua mabonge kwa vidole kila linapokauka kidogo. Manyoya yenye maji hayana joto lolote. Kwa mvua vaa koti juu.

Hapana, hebu nirudi nyuma. Nimesema nenda, na nikikumbuka kile kiwiko natamani nifute. Mtu anayeweza kukuuzia la zamani kwa jina la jipya, akakukatia lebo ya ubavuni kwa kisingizio cha shingo, halafu akakuambia umelipa nusu, huyo usimpe hata mia. Nenda mtumbani moja kwa moja, Memorial au Kiboriloni, uambiwe ni la zamani, uliite la zamani. Nyota moja. Narudisha moja.

Ila tatizo ni hili. Mwezi huu duka lilelile limeweka picha mpya, Punguzo la Pasaka. Bei ya kwanza 420,000 yenye mstari mwekundu, sasa 175,000. La kijani, saizi ya shemeji yangu anayepanda mwakani, na kwenye picha nimelikuza mpaka nimeona: uzi wa zipu ni mweusi, jaketi la kijani. Nimeacha nyota mbili palepale. Na nimemwandikia kijana kumuuliza kama lipo bado. Akinijibu kwamba ni jipya kweli kweli, silinunui.